Dada Yangu Hakurogwa

Wasomaji wangu, leo siasa naziweka kando. Nataka tuongelee lupus, ugonjwa ambao wengi wetu tukiusikia tunadhani ni wa kwenye sinema za Wamarekani. Na nikishaingia huko itabidi niongelee jeni, yaani vile vinasaba tunavyorithi kwa baba na mama. Najua wapo humu waliolikimbia somo la baiolojia mapema sana. Mwenzenu nilisoma HKL, kwa hiyo nami nimo katika kundi hilo. Nimekaa na makala za kitafiti usiku kadhaa, kamusi pembeni, huku nikiwasumbua kwa simu marafiki zangu wawili madaktari, mpaka nikaona sasa naweza kulieleza jambo hili kwa lugha ambayo mama yangu mdogo ataielewa. Kwa kweli makala hii ni yake kwanza, ninyi wengine mnasoma kwa kudokoa.

Mama mdogo anaishi Katonga, Kigoma. Kwa wasiopajua, Katonga ni mwalo wa wavuvi kusini mwa Kigoma mjini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama pale unaziona taa za wavuvi ziwani zimejipanga kama mji mwingine. Alfajiri mitumbwi inarudi na dagaa, na kina mama wanawasubiri na ndoo zao. Ndipo kazi inapoanza: kununua, kuanika, kugeuza, kufukuza kunguru, kuanua, kufungasha. Ni kazi ya jua. Bila jua dagaa wanaoza.

Binti wa mama mdogo, ambaye kwetu namwita dada tu, alikuwa katika kazi hiyo tangu alipomaliza shule. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti kwamba jina lake lisionekane. Basi tuendelee kumwita dada.

Mwaka 2015 dada alianza kuugua homa zisizokuwa na mpangilio. Leo yuko kitandani, wiki ijayo yuko mwaloni, wiki inayofuata amerudi kitandani. Viungo vya vidole vilimkakamaa asubuhi mpaka akawa hawezi kufunga kanga. Nywele zikaanza kutoka. Vidonda vya mdomoni vikaja na kuondoka. Halafu usoni, kuanzia shavu moja kupita juu ya pua mpaka shavu la pili, likatokea baka jekundu linalowaka kila akishinda juani. Mimba mbili ziliharibika. Katika kipindi hicho alitibiwa malaria mara ambazo hakuna anayezikumbuka, akatibiwa taifodi, akatibiwa UTI, akaambiwa baridi yabisi, akaambiwa ana mawazo mengi.

Tusiwe wepesi kuwalaumu waliomtibu malaria. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mkoa wa Kigoma ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania Bara: kati ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa, asilimia 24 walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa kama asilimia 7. Mahali pa namna hiyo homa ina jina moja. Ukiwa na nyundo mkononi siku nzima, utagonga kila kitu ukidhani ni msumari.

Lakini watu hawakuishia kwenye malaria. Mnaujua mtaa. Dada alikuwa ameanza kufanikiwa. Alikuwa na mtaji wake, ana vichanja vyake vya kuanikia, analipa vibarua wawili. Basi ikasemwa kuwa amerogwa na wenzake wa mwaloni. Wengine wakasema karogwa na upande wa mume. Na zilipoharibika zile mimba ikasemwa neno baya zaidi, kwamba mrogaji ni yeye mwenyewe, kwamba amewatoa watoto wake ili biashara imwendee vizuri. Hebu fikiria umelala unaumwa na dirishani unasikia hayo.

Mwaka 2018 ndugu walichanga, dada akapanda treni mpaka Dar es Salaam. Huko daktari mmoja alimtazama usoni, akamtazama vidole, akauliza habari za jua na za mimba, akaagiza vipimo vya damu na mkojo. Majibu yakaja: lupus. Jina hilo ni la Kilatini, maana yake mbwa mwitu, kwa sababu waganga wa zamani wa Ulaya waliona mabaka yale ya usoni kama mtu aliyeumwa na mnyama.

Sasa lupus ni nini? Mwili una jeshi lake la ulinzi. Vijidudu vikiingia, jeshi hilo linatengeneza kingamwili, na kingamwili zinavishika vijidudu ili viliwe na seli nyingine. Katika lupus jeshi hilo linawageuzia silaha wenye nyumba. Kingamwili zinashika vitu vya mwili wenyewe, hasa vile vilivyomo ndani ya kiini cha seli, ikiwamo DNA. Mabunda ya kingamwili na vitu zilivyovishika yanatuama kwenye figo, kwenye viungo, kwenye ngozi, kwenye mishipa, na popote yanapotuama pawaka moto. Mionzi ya jua inaua seli za ngozi, seli zikifa yaliyomo ndani yanamwagika nje, na jeshi lililokwisha kuchanganyikiwa linayaona hayo kama adui mpya. Ndiyo maana jua la Katonga lililokuwa likimpa dada riziki ndilo lililokuwa likimwangusha.

Wagonjwa tisa kati ya kumi wa lupus ni wanawake, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Mama mdogo aliposikia hilo aliuliza swali ambalo wanasayansi wamelihangaikia miaka mingi: kwa nini wanawake?

Jibu halijakamilika, ila vipande vyake vimeanza kuonekana. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana moja. Ili mambo yasizidi, kila seli ya mwanamke inanyamazisha X moja. Lakini ipo jeni moja kwenye X inayoitwa TLR7, kazi yake ni kunusa RNA ya virusi na kupiga mbiu, na katika baadhi ya seli za kinga jeni hii inakataa kunyamaza. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha habari ya mtoto wa kike wa Hispania aliyeanza kuugua lupus akiwa na miaka 7. Watafiti, wakiongozwa na Carola Vinuesa, walisoma vinasaba vyake vyote wakakuta herufi moja tu ya TLR7 imebadilika, na badiliko hilo lilifanya mbiu ipigwe hata pasipokuwa na virusi. Walipoiingiza herufi hiyo kwenye panya, panya nao wakaugua. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford nchini Marekani wakaonyesha kwamba hata ile mashine inayoinyamazisha X ya pili, iitwayo Xist, inaweza kuwa kichocheo cha kinga kujishambulia.

Nilipofika hapo katika kusimulia, mjomba mmoja aliyekuwa amekaa kimya akadakia: "Kumbe ni ya kurithi! Haya, imetoka upande gani? Wa mama au wa baba?"

Mimi nilishtuka. Nilidhani nimeleta sayansi ili kuufukuza uchawi, na dakika ile ile sayansi ikapewa kazi ya uchawi. Jana tulimtafuta mrogaji, leo tunatafuta ukoo wa kulaumu. Nikajiona kama mtu aliyemtoa nyoka mlangoni akamwingiza dirishani. Usiku ule sikulala vizuri, na ndipo nikaanza kusoma kwa bidii. Niliyoyakuta ndiyo hasa yaliyonifanya niandike.

Tuanzie Ibadan, Nigeria. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya chuo kikuu pale, aliandika katika jarida la The Lancet jambo lililomshangaza. Magonjwa ya kinga kujishambulia, kama lupus na baridi yabisi kali ya viungo, aliyaona kwa nadra sana miongoni mwa wagonjwa wa Kinigeria. Akajiuliza kama maambukizi ya vimelea tangu utotoni, hasa malaria, ndiyo yanayoizuia kinga isijigeuke. Mwaka 1970 yeye na wenzake wakalijaribu wazo hilo kwa panya wa ukoo fulani ambao huugua lupus wenyewe bila kuambukizwa. Walipowaambukiza malaria ya panya, ugonjwa wao ukapungua.

Hapo kuna kitendawili. Huko Marekani, wanawake weusi wanaugua lupus mara mbili hadi tatu kuliko weupe. Watu wa asili moja, upande mmoja wa bahari ugonjwa unasemwa ni nadra, upande wa pili umejaa. Je, ni malaria? Ni chakula? Ni moshi wa miji? Au ni kwamba huku kwetu hakuna anayepima, na asiyepima haoni? Mwaka 2001 utafiti uliofanyika kusini mwa London ulikuta kwamba wahamiaji kutoka Afrika Magharibi walikuwa na lupus kwa wingi kama watu weusi wenye asili ya Karibiani. Kwa hiyo damu hiyo hiyo, ikifika mahali penye vipimo, ugonjwa unaonekana. Mimi nikisoma hilo nilimkumbuka dada na miaka yake mitatu ya dawa za malaria. Katika takwimu za miaka hiyo mitatu, dada alikuwa mgonjwa wa malaria. Hakuna daftari lolote lililomwandika kuwa na lupus.

Sasa tusogee karibu zaidi na nyumbani, tufike Kilifi, pwani ya Kenya. Pale kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kilichokaa na watoto wa malaria kwa miongo kadhaa. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge wakishirikiana na wenzao wa Kilifi walichapisha matokeo kuhusu jeni iitwayo FCGR2B.

Nitaieleza kwa mfano wa kwetu. Anayepajua Kigoma anaujua ule mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni ya reli. Bodaboda anayeshuka pale anahitaji breki nzima. FCGR2B ni jeni inayotengeneza breki ya seli za kinga. Seli ikiona kingamwili zimeshakuwa nyingi, breki inashikwa, jeshi linapunguza mwendo. Watu wengine wamerithi breki ambayo herufi yake moja imebadilika, na breki hiyo haishiki. Aliyerithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama pia ana breki mbovu kabisa. Wachunguzi walikuta kwamba watu wa namna hiyo, Hong Kong na hata Ulaya, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata lupus.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Watoto wa Kenya waliorithi breki hiyo hiyo mbovu kwa wazazi wote wawili walikuwa na uwezekano wa kupata malaria kali uliopungua karibu nusu. Jeshi lisilo na breki linawahi kimelea cha malaria kabla hakijaota mizizi. Na herufi hiyo imeonekana kwa wingi zaidi kati ya Waafrika na watu wa kusini mashariki mwa Asia, yaani watu ambao mababu zao waliishi na malaria vizazi na vizazi.

Nilipoisoma aya hiyo nilisimama, nikazunguka chumbani.

Tulishawahi kuusikia mkasa unaofanana na huo. Mwaka 1949 kijana Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za Kenya akaona selimundu iko nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni chache nyanda za juu penye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: mwenye jeni moja ya selimundu anakingwa na malaria, mwenye mbili anaugua. Jeni ile ile ni ngao kwa huyu na ni jeraha kwa yule. Katika lupus mambo ni magumu zaidi, maana si jeni moja. Sehemu zaidi ya 100 za vinasaba zimeshahusishwa na ugonjwa huo, kila moja ikiongeza hatari kidogo. Hata pacha wa kufanana kabisa, mmoja akipata lupus, mara nyingi mwenzake hapati. Utafiti mmoja mkubwa wa mapacha wa mwaka 1992 ulikuta kwamba wanaougua wote wawili ni kama robo tu. Kwa hiyo kurithi ni sehemu ya habari, halafu jua, homoni, maambukizi na mengine yanamalizia.

Nikarudi kwa mjomba. Nikamwambia hivi. Dada hajapimwa jeni, na kwa matibabu yake hakuna haja ya kupimwa. Lakini tuchukulie kuna kitu amerithi kwetu. Wewe unauliza nani katuletea mbegu mbaya. Mimi nakuuliza, bibi alizaa watoto wangapi hapa ziwani, wakati hakuna chandarua wala zahanati, na wangapi walipona malaria? Inawezekana kabisa kwamba tunachokiita mbegu mbaya ndicho kilichotufikisha hapa mimi na wewe tukabishana. Unataka kumlaumu nani, aliyetuokoa?

Mjomba hakujibu. Alivuta kiti chake karibu na dada, akamuuliza kama amekunywa dawa.

Na dawa yenyewe, wasomaji wangu, nayo ina mkasa wake. Dawa ya msingi ya lupus duniani kote ni hydroxychloroquine. Wenye umri wa kaka zangu wataitambua kwa ukoo wake: ni ndugu wa klorokwini, ile tuliyokunywa wote tukajikuna usiku kucha, mpaka Tanzania Bara ilipoiacha mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Dawa za malaria kutumika kwa lupus ni jambo la zamani. Mwaka 1951 daktari Francis Page wa Uingereza aliandika jinsi alivyowatibu wagonjwa wa lupus kwa mepakrini, dawa ya malaria ya enzi za vita. Leo tunajua angalau sehemu ya sababu yake: dawa hizi zinaizuia ile mbiu ya TLR7 isipigwe ovyo. Yaani miaka yote ile dada alipokuwa akipewa dawa za malaria kwa homa isiyokuwa ya malaria, ndugu wa dawa aliyoihitaji alikuwa ameshastaafu kwenye kabati la zahanati. Ukicheka sawa, ukilia sawa.

Mwaka 2020 ilipozuka habari kwamba hydroxychloroquine inatibu Covid, wagonjwa wa lupus duniani kote walihangaika kuipata. Marekani iliiruhusu kwa dharura mwezi Machi ikaifutia ruhusa mwezi Juni, baada ya kuonekana kwamba haisaidii. Dada naye alikosa dozi zake wiki kadhaa. Duka moja la dawa lilimwuzia kwa bei ambayo sitaki hata kuikumbuka. Viungo vikakakamaa tena, mkojo ukaanza kuwa na povu. Povu hilo ni protini inayovuja kwenye figo. Aliwahiwa, akaongezewa dawa za kutuliza kinga, na figo zake bado zinafanya kazi.

Huko mbele kuna makubwa. Mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliripoti wagonjwa watano wa lupus kali waliotolewa seli zao wenyewe za kinga, zikafundishwa maabara kuzitafuta na kuziua seli B zinazotengeneza kingamwili potofu, kisha wakarudishiwa. Wote watano ugonjwa ulitulia, wakaacha dawa. Ni matibabu ya gharama kubwa mno na wagonjwa ni wachache, lakini yameonyesha kwamba jeshi lililoasi linaweza kuvunjwa na kuundwa upya.

Furaha yangu kuhusu habari hizo ina mpaka. Naomba niseme linalonikereketa. Sayansi hii imejengwa kwa sehemu na damu yetu. Watoto wa Kilifi walichomwa sindano, mama zao wakakubali, na kutokana nao dunia ikajifunza jambo kuhusu lupus. Huko Kyamulibwa, kusini magharibi mwa Uganda, wanakijiji wapatao 6,400 walitoa vinasaba vyao, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2019 yalionyesha tofauti nyingi za vinasaba ambazo tafiti za Wazungu hazikuwa zimeziona. Mwaka 2021 watafiti wa Afrika walichapisha utafiti wa vinasaba vya ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi, ule ambao koo la mtoto likiuma na likaachwa bila penisilini, kinga inakuja kuishambulia milango ya moyo. Walikusanya watu katika nchi nane za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, na wakakuta kwa watu weusi eneo la vinasaba ambalo halikuwa likijulikana. Ni kazi za kujivunia. Hata hivyo ukiwachukua watu wote waliokwisha kupimwa vinasaba kwa ajili ya tafiti duniani, Waafrika ni sehemu ndogo mno, ilhali ni sisi wenye tofauti nyingi kuliko watu wengine wote.

Swali langu ni la mtu wa mwaloni. Damu ilitoka huku ikaenda kuwa makala. Lini makala itarudi huku iwe kipimo?

Na sisemi kipimo cha jeni. Katonga haihitaji mashine ya kusoma vinasaba. Inahitaji vitu vidogo zaidi. Kile kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, ambacho bei yake ni ndogo kuliko sahani ya wali na mgebuka. Mhudumu wa afya aliyefundishwa dalili tano au sita za lupus. Njia ya kupeleka damu kupima ANA, kipimo cha awali cha kingamwili zinazoshambulia kiini cha seli, bila mgonjwa kulazimika kupanda treni siku mbili. Hydroxychloroquine inayopatikana mkoani. Hivi vitu vinne vingemwokolea dada miaka mitatu, na pengine zile mimba mbili.

Kuna kingine ambacho hakihitaji bajeti kabisa. Siku hizi karibu kila zahanati ina kipimo cha haraka cha malaria. Tumezoea kulishangilia jibu la "huna malaria" kisha tunaondoka na dawa za malaria hivyo hivyo, kwa sababu hatuna pengine pa kwenda na homa yetu. Jibu hilo ni habari. Mtu akipimwa mara ya kwanza hana, mara ya pili hana, mara ya tatu hana, na homa inarudi, viungo vinauma, nywele zinatoka, uso unawaka juani, basi kuna swali linalosubiri kuulizwa. Muulize daktari wako bila kuona haya: kama si malaria, ni nini? Na usiache kuomba mkojo upimwe.

Kwa wenye ndugu wa lupus, machache niliyojifunza kwa dada. Dawa hazikatwi mtu akijisikia nafuu, hydroxychloroquine ni ya miaka. Macho yapimwe mara kwa mara kwa sababu dawa hiyo ikitumika muda mrefu inaweza kuyaathiri. Jua liepukwe, mikono mirefu ivaliwe. Mimba si marufuku, ila ipangwe na daktari wakati ugonjwa umetulia. Na dawa za mitishamba zinazosemwa kuongeza kinga msimpe bila kumwuliza daktari. Mgonjwa wa lupus hana upungufu wa kinga. Kinga yake ndiyo iliyozidi.

Dada sasa haaniki dagaa. Amewaachia wengine vichanja, yeye ananunua na kuuza akiwa chini ya paa, na kabla jua halijapanda anakuwa ameshamaliza mwaloni. Baka la usoni limefifia, limebaki kama kivuli. Mwaka 2023 alijifungua mtoto wa kiume. Nilipompigia kumsomea rasimu ya makala hii alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimeandika mambo mengi sana ya herufi. Akasema niongeze jambo moja tu, kwamba wale waliosema amewaua watoto wake bado wanapita mbele ya nyumba yake kila siku na wanamsalimia, naye anaitikia, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumwambia pole.

Nimeongeza, dada.

Na ninyi wasomaji, kama kwenu kuna aliyepitia haya, niandikieni. Wa Kasulu, wa Uvinza, wa Bukoba, wa Tanga, hata mlioko Muscat na Minneapolis. Nitayasoma yote, na majina nitayahifadhi.